Mtu wa Bura Hana Shida

Duka la fotokopi mkabala na soko la Voi lilikuwa limefurika wazazi wa wanafunzi, kila mmoja akitaka kuhudumiwa kabla ya mwenzake. Eddah, afisa wa ustawi wa jamii wa kaunti, alipokea karatasi alizodhani ni zake, akazitupia jicho, na uso ukambadilika. Yalikuwa malalamiko dhidi ya ofisi yake mwenyewe.

"Samahani, madam. Hizo ni zangu."

Aligeuka. Nyuma yake alisimama kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi likakubali, mkononi ameshika gongo la mti lililong'arishwa. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi tangu kuzaliwa, lakini kwa jinsi alivyosimama ungedhani ni ule wa kulia uliokosea kurefuka.

"Wewe ndiye Mwandawiro, katibu wa chama cha watu wenye ulemavu?"

"Mimi ndiye. Na wewe ni nani, unayesoma barua za watu?"

"Mimi ndiye unayemlalamikia. Umeandika 'ofisi iliyolala'. Unaona nina macho ya usingizi?"

Mwandawiro aliitazama blauzi yake ya kitenge cha samawati, kisha akaangalia macho yenyewe bila haraka. "Hapana. Hayo yatanikosesha usingizi mimi."

Barua ilikuwa na maana. Kaunti ilikuwa inaandaa mpango wa bima ya matibabu na vifaa kwa wazee na walemavu, na Mwandawiro alitaka vyama vya wananchi vishiriki kuandika orodha ya watakaofaidika. Eddah aliwaeleza wakubwa wake, wakasema vyama vialikwe mkutanoni, lakini kuandikisha waachiwe makarani wa serikali. Barua ikaishia hapo. Simu hazikuishia hapo.

"Afisa wangu, umekula?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Nimeshiba sauti yako."

"Wacha uongo, Mwandawiro. Nenda ukapike."

Eddah alikuwa mwanamke wa Mboghoni, huko tambarare, mtoto wa mifereji na migomba, kwao mtu akiumwa jino kijiji kizima kinajua kabla ya chai. Mwandawiro alikuwa wa Bura, huko milimani, na alimpenda binti wa tambarare waziwazi, kwa kiburi cha mtu aliyechagua vizuri.

Kisha orodha ikatoka. Bura nzima, majina kumi na moja.

Ilisomwa katika mkutano wa hadhara mjini Voi, Eddah akiwa ameketi mezani mbele ya watu. Mwandawiro aliinuka. "Mimi peke yangu nawajua zaidi ya mia," alisema. "Orodha hii imepikwa."

Ukumbi ulipiga makofi. Eddah aliinamisha kichwa. Kila nyumba makarani wake walibisha hodi, na kila jibu aliliona kwa macho yake. Jioni simu ilipolia, aliongea kwa ufupi.

"Umeniita mwizi mbele ya watu wote."

"Sikukutaja jina."

"Nani mwingine alikaa pale mezani? Usinipigie tena."

Wiki mbili zikapita, na zilimuuma, asidanganye mtu. Lakini orodha ingefungwa Ijumaa, na atakayekosa jina angesubiri miaka mitatu. Jumatatu akameza hasira, akampigia kwa sauti ya ofisi.

"Bwana katibu, habari? Uko salama? Una shida yoyote?"

"Sina shida, madam."

Nyuma ya simu, mwanamke akaita, "Mwenye kifundo kilichovimba, ingia."

"Mwandawiro. Uko wapi?"

"Zahanati."

"Umefanya nini?"

"Nimeteleza mlimani, nikizungukia nyumba kuwahesabu watu wangu. Ni kitu kidogo."

"Nimekuuliza kama una shida, ukasema huna. Na unashindwa kukanyaga."

"Sasa ulitaka nikulilie? Mtu wa Bura hamwambii mgeni ana shida."

Eddah alikuwa tayari ameivuta fomu. Swali la kwanza lilisomeka: *Je, una shida ya kuona, kusikia au kutembea?* Karani mgeni, amesimama mlangoni, anawauliza watu wa mlimani kama wana shida.

"Hakuna aliyeipika orodha," alisema taratibu. "Tuliwauliza vibaya."

"Hata mama yangu aliwaambia hana," Mwandawiro alisema. "Haoni, Eddah. Niliona haya kukuambia, nikaona rahisi kuwalaumu nyinyi. Nisamehe."

"Mficha uchi hazai."

"Nataka kuzaa. Na wewe."

"Kwanza tuandike watu," alisema Eddah, lakini alitabasamu hadi karani wake Katuku akakohoa.

Safari hii hakusubiri wakubwa wakae kikao. Aliingia ofisini kwao na fomu mkononi, akatoka na gari na ruhusa. Chama kilitoa watu wanaojulikana kila nyumba. Neno shida walilifuta. Waliuliza: Nani anakuchotea maji? Ukienda kanisani, unashikwa mkono na nani? Na watu wakajibu, tena kwa fahari, maana kutaja mjukuu wako mwema si kuomba. Kufikia Alhamisi majina yalikuwa mia moja na arobaini, na Eddah alitembea katika njia za Bura kifua mbele, viatu vikiwa na udongo hadi kisiginoni.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Mama Priscilla, mama yake Mwandawiro. Alikuwa ameketi kibarazani, kitambaa cheupe kichwani, leso mbili mpya kiunoni. Mwandawiro alisimama kando na kifundo kilichofungwa bandeji, tayari kwa lolote. Alijua kinywa cha mama yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti. Najua mlichokuja kuuliza. Maji nachotewa na huyu mwanangu. Chakula ananipikia yeye, na hajui kupika. Andika hivyo."

Katuku akafungua fomu, akamsogezea Eddah kalamu. Eddah aliishika, akainamia karatasi, kisha akasita. Alimtazama Mwandawiro kwa muda, akairudisha kalamu kwa Katuku.

"Mwandikishe wewe," alisema. "Mimi siwezi."

Uso wa Mwandawiro ukaporomoka. Mama Priscilla akainua kidevu. "Kwa nini usiniandike, binti? Nimekosa nini?"

"Hujakosa, mama. Ni sheria. Afisa haruhusiwi kumwandikisha mama mkwe wake."