Tundu la Tatu

Mvua ya Keelung, mji wa bandari wa Taiwan, haikuwa na adabu asubuhi ile. Ilipenya kwenye maturubai ya soko, ikawaingia wanunuzi shingoni, ikaigeuza sakafu kuwa tope jembamba lenye harufu ya samaki na tangawizi. Kijana aliyevaa koti la mvua la njano, bisibisi zikimning'inia kiunoni, alikimbilia kibanda cha akina Yuchin na kuegemea friza ya chuma. Akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Mama yangu wee!"

Yuchin alicheka mpaka akaweka mwiko chini. "Pole, kaka. Ndivyo inavyosalimia wageni."

"Inasalimia? Dada, hii inapiga shoti!"

"Wateja wetu wanaijua. Hawaigusi."

"Na wewe?"

Yuchin alimwonyesha viatu vyake vyeupe vya mpira, juu ya ubao mnene. Mama yake alikuwa amesimama pembeni juu ya ubao huohuo, akiminya rojo zito la samaki aliyesagwa kwa mkono wa kulia, vibonge vikidondoka sufuriani vikiwa sawasawa kama vya mashine. "Ukikaa hapa juu, huhisi kitu," Yuchin alisema.

Kijana aliitwa Tingwei, na alikuwa fundi umeme. Alichuchumaa, akapima, akatikisa kichwa. Plagi ya friza ilikuwa imekatwa pini ya tatu, ile ya waya wa ardhini, ili iingie kwenye soketi ya matundu mawili, kama zilivyokatwa plagi za nusu ya soko.

"Umeme ukitoroka lazima ushuke ardhini," alisema. "Usipoutengea waya wake, utapita kwa mtu."

"Basi lete huo waya, fundi."

"Na nini kingine?"

"Chai ya maziwa. Sukari kidogo."

Alileta chai kesho yake, na kesho kutwa pia. Baada ya wiki mbili simu ya Yuchin ilikuwa ikilia kila akifunga kibanda.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula vibonge. Ninanuka samaki mwili mzima."

"Napenda samaki."

"Mwongo! Juzi ulisema unapenda nyama ya nguruwe."

"Hiyo ilikuwa kabla sijapigwa shoti."

Kazi ya waya ndiyo ilikwama. Jengo lilikuwa la zamani, na nyuma ya ukuta hapakuwa na waya wa ardhini hata mmoja. Ilibidi Tingwei apigilie fimbo ndefu ya shaba ardhini, uani, kisha avute waya mpaka kwenye soketi. Lakini mwezi wa saba wa kalenda ya Kichina ulikuwa umeingia, mwezi wa mizimu, ambapo wafu huaminika kutoka kuzimu na kutembea kati ya watu.

"Mwezi huu?" mama alimaka. "Wenyewe wametoka kutembea, halafu wewe uwatobolee kwao? Subiri mwezi ufungwe, mwanangu."

"Sawa, shangazi," Tingwei alijibu, akimwita kama vijana wa huko wamwitavyo mama yeyote mtu mzima, na akainamisha kichwa. Alitaka sana apendwe na mama huyu. Alipoona uso wake umekunjamana akaongeza haraka, "Basi leo niwabadilishie soketi na plagi kwanza."

Alifunga soketi mpya, nyeupe, ya matundu matatu, na plagi yenye pini zake zote. Mama aliwaita majirani waione. Yuchin, mbele ya muuza kaa na muuza tofu, alimshika mkono bila haya. "Ahsante. Sasa nitalala bila wasiwasi." Tingwei aliona haya mpaka masikioni. Hakusema neno.

Siku ya kulisha mizimu, kila kibanda kilitoa meza ya sadaka mbele yake. Tingwei alikuja kusaidia, amevaa shati la bluu lililopigwa pasi. Nafasi ilikuwa finyu.

"Toa huo ubao," mama alimwagiza. "Wa nini tena? Si tuna tundu la tatu?"

Tingwei aliuinua, akasimama nao mlangoni. Yuchin aliona midomo yake ikifunguka, akadhani anatafuta maneno ya kumposa. Kisha Tingwei akautoa nje.

Jioni, mama alimwaga maji kusafisha sakafu. Akafungua friza. Yuchin alisikia kishindo, akamkuta chini, mkono umekakamaa kwenye mshikio wa friza. Tingwei ndiye aliyezima swichi kuu, akiita "Shangazi! Shangazi!" kwa sauti isiyo yake.

Mama alipona. Mkono wa kulia haukufunga tena vidole.

Katika ukumbi wa hospitali, Tingwei alisimama mbele ya Yuchin, shati limelowa.

"Nyuma ya lile tundu hapakuwa na waya," alisema. "Nilingoja mwezi uishe."

"Na ubao?"

"Nilitaka kusema. Mama alikuwa na furaha. Nikaona aibu."

"Kanyamaze nyumbani kwenu," Yuchin alisema.

Mwezi ulipofungwa Tingwei alirudi na nyundo. Alipigilia fimbo ile uani, akavuta waya, akapima, akapima tena, akaweka na kifaa cha kukata umeme unaovuja. Mama alitoka na bakuli la supu, amelishika kwa mkono wa kushoto.

"Kula, mwanangu. Mkono ni wangu, na nimekusamehe." Akamgeukia binti yake. "Na wewe umsamehe. Ni kijana mzuri."

"Najua ni mzuri, mama."

Tingwei aliweka bakuli chini. "Yuchin, niambie nifanye nini. Chochote."

"Waya ningekusamehe," Yuchin alisema taratibu. "Fundi hukosea. Lakini nilikushukuru, Tingwei. Mbele ya watu, nimekushika mkono, na ukaniacha nishukuru. Nikiolewa na wewe, kila utakaponiambia mambo ni salama nitataka kubomoa ukuta nione."

"Nitakuonyesha kila kitu. Maisha yangu yote."

"Sitaki kukaguakagua mume."

Tingwei alikusanya vifaa vyake kimoja kimoja, akingoja aitwe. Yuchin alitazama sufuria mpaka koti la njano lilipopotelea katikati ya miavuli. Ndipo machozi yakamtoka.

"Bado yuko karibu," mama alisema. "Mpigie."

Yuchin alichota rojo la samaki, akaliminya. Kibonge kilitoka kimepinda, chenye mkia.

"Legeza kidole gumba," mama alisema.

Akaminya kingine.