Trekta la Tangi Kavu

Tulikusudia kufika kwa yule muuza trekta mchana, tulikague kwenye mwanga. Lakini pikipiki ya shemeji Mageni ilipata pancha tulipoipita Mwadui, na fundi wa kuziba alikuwa amekwenda kuzika. Tukamngoja. Tulipoondoka pale jua lilikuwa limeshagusa vichaka.

Mageni ni mdogo wake marehemu mume wangu, Stanslaus. Ni fundi wa injini huko Ngokolo, tunakoishi. Yeye ndiye aliyenishauri nisinunue tena ng'ombe wa kulimia, maana wale tuliokuwa nao waliishia kwenye masufuria ya msiba. Alisema nitafute trekta dogo lililotumika, la Kijapani, la zamani. Lilime shamba letu la Samuye, livute maji, libebe kuni.

"La zamani ni chuma tupu, shemeji," aliniambia. "Halina kompyuta. Likigoma unalifungua, unaona ugonjwa, unalifunga."

Nikasema ndiyo. Siku zile nilikuwa nasema ndiyo kwa kila kitu. Tangu duara, shimo la kuchimbia dhahabu kule Geita, lilipomfukia Stanslaus, sikuwa na uchungu wala furaha. Watu walidhani nina moyo mgumu. Si hivyo. Nilikuwa kama mkono uliolaliwa usiku kucha. Unaushika, unajua ni wako, lakini hausikii kitu. Walituletea jeneza wakatuambia tusilifungue. Sikulifungua. Sikulia. Binti yetu, Blessing, ndiye aliyelia kwa niaba ya nyumba nzima.

Trekta la kwanza tuliliona mjini. Lilikuwa linang'aa. Mageni alilizunguka mara moja tu, akakwaruza rangi kwa ukucha, akaniambia tuondoke. Rangi mpya kwenye chuma chakavu, alisema, ni poda kwenye uso wa mgonjwa. Kisha mteja wake mmoja akamtajia mtu anayeitwa Adam, mkulima, ana trekta dogo jekundu anataka kuliuza.

Adam tulimkuta amesimama njiani, kama aliyejua tutafika saa ile. Mtu wa makamo, shati limepigwa pasi, sauti ya upole.

"Mwadila, mayu," alinisalimia Kisukuma, akiniita mama. "Pole na safari."

"Mwadila."

Mji wake ulikuwa mkubwa. Nyumba ya bati, ghala, banda refu la mabati. Lakini hapakuwa na kuku. Hapakuwa na mbwa wa kutubwekea. Hata moshi wa jikoni haukuwepo, na ndiyo kwanza ilikuwa saa ya kupika.

Nyuma ya nyumba nikaliona shamba lake, nikasimama.

Lilikuwa limelimwa. Lote. Kiangazi kile udongo mweusi wa mbuga ulikuwa umekauka hadi ukapasuka, mguu wa mtoto ungeingia kwenye nyufa. Kwa majirani zake wote ardhi ilikuwa ngumu kama sakafu. Kwake matuta yalikuwa yamepinduliwa yakalala sawasawa hadi macho yalipoishia. Na udongo ulikuwa na unyevu.

"Umemwagilia?" Mageni aliuliza.

"Tunalima kwa kina," Adam akajibu. "Chini kuna maji."

Trekta lilikuwa ndani ya banda. Dogo, limepauka, kiti kimechanika. Mageni alianza kazi yake. Akatikisa magurudumu ya mbele. Akanyanyua mikono ya kubebea plau. Akavuta kijiti cha oili, akakinusa, akakirudisha. Kisha akafungua kifuniko cha dizeli, akamulika kwa simu.



"Shemeji, njoo uone."

Nikachungulia. Tangi lilikuwa kavu. Mdomoni mwake buibui alikuwa ametanda utando, mzima, haujakatika hata uzi mmoja.

"Betri pia haipo," Mageni alisema polepole. Akaweka kiganja juu ya injini, akakiondoa haraka. "Ila injini ni ya moto."

"Jua la mchana," Adam akasema. "Bati hili linachoma."

Mageni alinitazama. Kisha akasema anataka kwenda kupima matuta kwa mkono, aone plau inaingia kiasi gani. Ndivyo alivyo. Akiona jambo halieleweki, huenda kutafuta la kushika. Akatoka, akaingia shambani, akawa anakwenda huku ameinama.

Tukabaki wawili. Mimi na Adam.

Niligusa kiti cha trekta. Kilikuwa na joto. Si joto la jua... Joto la mtu aliyeinuka sasa hivi.

Kisha harufu ikanifikia.

Udongo wa chini kabisa. Baruti. Jasho lililokaukia kwenye nguo. Naijua harufu ile. Niliifua kwenye beseni miaka yote ya ndoa yangu. Stanslaus alikuwa akiingia nayo mlangoni kila aliporudi kutoka Geita.

"Dereva wako yuko wapi?" niliuliza.

"Anakula."

Adam akasogeza karatasi moja ya bati upande wa nyuma. Ikalia kwa sauti nyembamba.

Walikuwa wameketi wamejipanga, migongo imeegemea banda, wanaume kwa wanawake. Vichwa vimenyolewa. Ngozi imepakwa vumbi jeupe. Katikati yao palikuwa na sufuria moja ya pumba za mahindi, kavu, bila maji. Walikuwa wanachota kwa zamu. Kilichosikika ni kutafuna tu.

Kru... kru... kru...

Wa mwisho alikuwa mume wangu.

Nimeulizwa na wachungaji, nikaulizwa na ndugu, una hakika? Nina hakika. Kidole chake kidogo cha kushoto kilipinda tangu utotoni, na pale kilikuwa kimepinda vilevile kuelekea kwenye sufuria.

"Stanslaus," nilinong'ona.

Akainua uso. Akanitazama kama ng'ombe anavyotazama barabara. Akafungua mdomo. Ndani palikuwa na giza tu. Kisha mkono wake ukanyanyuka, ukapunga taratibu, kuelekea nje. Kama mtu anavyofukuza kuku kwenye mtama.

Alikuwa ananiambia niondoke.

Ningepaswa kupiga kelele. Sikupiga. Niliutafuta ule woga ndani yangu, sikuuona. Nilichowaza ni kwamba amekonda, na kwamba pumba zitamkwaruza koo.

"Halafu wanasema biashara ni ngumu," Adam alisema kwa upole. "Mayu, mimi sitaki fedha zako. Trekta chukua. Na huyu chukua, mwende naye nyumbani. Ila nafasi yake haiwezi kukaa wazi. Nitajie jina."

"Jina la nani?"

"La mtu wa kwako. Lolote. Jina tu."

Sikumtaja mtu. Lakini sitasema uongo hapa. Sikukataa pia. Nilisimama mbele ya mume wangu, nikahisi kinywa changu kinafunguka chenyewe. Sijui kilitaka kutaja nani. Mpaka leo sijui.

Hapo ndipo Mageni alipopiga kelele kutoka shambani. Siku zote huniita shemeji. Lakini alipotazama bandani akaniona nimesimama kwenye giza, jambo lilimshtua, akaniita kama watu wote mtaani wanavyoniita.

"Mama Blessing! Mama Blessing, toka humo!"

Adam akageuza shingo. Akatabasamu.

"Blessing," alirudia polepole, kama anayeonja chumvi. "Jina zuri. Imetosha."

Akarudisha bati mahali pake.

Mageni alikuja mbio, akanishika mkono, akanivuta hadi kwenye pikipiki. Tulipoziona taa za mjini ndipo alipopunguza mwendo.

"Ulikuwa unaongea na nani kule ndani?"

"Na Adam."

"Shemeji, Adam alikuwa nami shambani. Alikuwa ananishikia tochi."

Hatukulichukua trekta lile. Siku chache baadaye Mageni alirudi kule mchana kweupe na mwenyekiti wa kitongoji. Adam alikuwepo, akawakaribisha, akawapa viti. Akasema trekta limeshauzwa, limekwenda Geita. Mageni akaomba kuzunguka nyuma ya banda. Hakukuta mtu, hakukuta sufuria. Ila kwenye mabati, kwa urefu wa mtu aliyeketi, aliona alama za udongo mweupe. Moja, nyingine, nyingine... hadi mwisho wa banda. Alama za migongo. Mwenyekiti akasema ni mbuzi wanajikuna. Mageni hakubishana naye. Mbuzi hakuwepo.

Tulinunua trekta jingine, la bluu, kwa mwalimu mstaafu. Mageni alilifungua lote, akaridhika. Linawaka kwa dizeli kama matrekta mengine. Tukalipeleka Samuye kungoja mvua.

Jumamosi ya kwanza nilikwenda na Blessing kulifunika turubai. Nilikuwa nakata miiba ya uzio niliposikia injini ikiwaka. Nilipogeuka binti yangu alikuwa juu ya kiti. Hajawahi kupanda hata pikipiki. Aliingiza gia, akashusha plau, akaenda hadi mwisho wa shamba, akakata kona, akarudi. Mstari wake ulikuwa umenyooka kama umepigwa kamba. Na macho yake hayakuwa yanatazama mbele.

Alipozima nilimsogelea.

"Nani amekufundisha?"

"Baba."

"Lini?"

Alifikiri. "Nikilala."

Jioni nilimweleza Mageni. Tulikwenda kwa mchungaji, tukaombewa. Tulikwenda na kwa mtaalamu mmoja, akatupa dawa ya kuchanja. Nimemwomba kila mtu mtaani asiniite kwa jina la mtoto. Nikilala naye najifunga kwake kwa kanga, kifundo cha mguu kwa kifundo cha mguu. Asubuhi fundo liko vilevile nilivyolifunga. Lakini miguu yake ina udongo mweusi hadi kwenye magoti, mbichi, na mvua bado haijanyesha.

Anakonda. Shuleni wanasema anasinzia. Ugali anaula kidogo tu.

Dada yangu Ritha yuko Mwanza, kwenye kanisa lenye maombi makali. Mageni ameshapanga safari. Begi la Blessing liko mlangoni, limefungwa. Kila jioni Mageni anapita kuuliza tunaondoka lini, nami namwambia kesho. Ameanza kunitazama vibaya. Nadhani ameelewa.

Maana Blessing akienda mbali, nani ataniletea habari?

Alfajiri anapofungua macho, kabla sijafungua kanga, kabla sijapiga ishara ya msalaba, mimi ndiye ninayeuliza kwanza. Kwa sauti ndogo, majirani wasisikie.

"Baba yako hajambo?"

"Hajambo," ananijibu, huku amefumba macho tena. "Anakusalimu."

Kisha nabandika maji jikoni. Yakipata uvuguvugu, namkalisha kwenye kigoda, namwosha miguu.