Mchuzi Usio na Mfupa

Kila siku saa kumi na mbili asubuhi muuza nyama alifungua bucha lake. Alikwangua gogo la kukatia. Alinoa visu vitatu. Kisha aliweka jiwe la kilo moja kwenye mizani na kusubiri mshale utulie. Ukitulia kwenye moja kamili, ndipo alipotundika nyama kwenye ndoano. Kwa sababu hiyo watu walimwita Bwana Mizani.

Jambo la mwisho lilikuwa sufuria. Nyuma ya bucha kulikuwa na jiko dogo. Alitia mifupa na maji, akaacha vichemke taratibu. Mchana kutwa alichota kikombe, akanywa, akarudi kazini.

Asubuhi moja alikuja kazini na kiatu kimoja. Mguu wa kulia ulivaa buti la mpira. Mguu wa kushoto ulivaa ndala. Kidole gumba kilikuwa kimevimba, kinang'aa, na kilikuwa cha moto.

"Umejikwaa?" mteja aliuliza.

"Nimejikwaa."

Hakujikwaa. Hii ilikuwa mara ya tatu katika miezi minne. Alilala mzima, akaamka hawezi kukanyaga. Hata shuka likikigusa kile kidole, alipiga kelele. Wiki hiyo alijaribu kuuza nyama akiwa ameketi juu ya kreti. Lakini paja la ng'ombe halipasuliwi kwa kuketi. Wateja walingoja, wakachoka, wakaenda kwingine. Kuuza nyama ni kazi ya kusimama. Asiyeweza kusimama hana bucha.

Zahanati alikwenda tangu mara ya kwanza. Daktari alipima damu, akasema, "Hili ni jongo, ugonjwa wa kuvimba viungo. Kwa wiki unakula nyama kiasi gani?"

"Robo kilo," alijibu Bwana Mizani bila kusita. "Kipande cha Jumapili. Nyingine naiuza."

Daktari aliandika robo kilo. Alimpa dawa na kumwambia arudi. Bwana Mizani alimeza dawa hadi maumivu yalipoisha. Zilizobaki alizifungia kwenye droo. Hakurudi.

"Mficha maradhi, kilio humuumbua," mke wake alimwambia.

"Kidole si maradhi. Kidole ni kidole."

Mke alikuwa na mdogo wake, muuguzi katika zahanati hiyo hiyo. Jumamosi alikuja kumtazama shemeji yake. Alimkuta ameweka mguu juu ya mto, amenuna.

"Shemeji, kesho ukifunga bucha nakupeleka kula," alisema. "Karibu na kazini kwetu kuna mgahawa. Hawapiki nyama, wala samaki, wala mayai, wala maziwa."

"Wanauza nini sasa? Hewa?"

"Wanauza chakula. Na kinakwisha kabla ya saa tisa."

Bwana Mizani alicheka kwa dharau. "Mimi siuziwi mbuzi kwenye gunia. Mchuzi wa kupendwa na watu haupikwi bila mfupa. Hao wanaficha."

"Basi tuwekeane sharti. Ukiukuta huo mfupa, nafunga mdomo. Kidole chako sitakitaja tena."

"Wewe ufunge mdomo?" mke aliuliza. "Hata ulipozaliwa hukuufunga."

"Na nisipoukuta?" aliuliza Bwana Mizani.

"Utajibu maswali yangu. Kweli tupu, kama unavyosoma mizani yako."

Alikubali haraka. Aliona ameshashinda.

Walikwenda watatu, pamoja na mke. Mgahawa ulikuwa na meza nane. Bwana Mizani alichagua meza iliyotazama mlango wa jikoni. Mpishi, mama mnene mwenye alama za kuungua mikononi, aliwaletea wali, maharage, mboga za majani na bakuli la mchuzi mzito.

Bwana Mizani hakula. Alinusa kwanza. Akakata kipande kimoja kwa ncha ya kijiko.

"Hiki nini?"

"Uyoga, kaka," alisema mpishi.

"Uyoga haukatiki hivi."

"Mbona umeukata?"

Meza ya jirani walicheka. Bwana Mizani alionja mchuzi. Akatulia. Akaonja tena, amefumba macho.

"Mfupa," alisema. "Wa ng'ombe. Umechemka saa nne."

"Hapana."

"Mama, nimechemsha mifupa miaka ishirini na miwili."

"Na mimi nimechemsha uyoga miaka sita. Ukitaka jiko, karibu uingie."

Ukarimu huo ulimtia shaka zaidi. Aliwajua wauzaji wanaosema "karibu" upesi kwa kuwa wameshaficha. Aliinuka, akachechemea hadi jikoni. Muuguzi alimfuata.

Alizamisha upawa hadi chini ya sufuria. Alifungua friji. Aliinama chini ya meza. Alimimina mafuta ya kupikia kiganjani, akayasugua. Mafuta ya mnyama huganda mkono ukipoa. Haya yalibaki majimaji. Hakuridhika.

"Pipa la taka liko wapi?"

"Shemeji!" muuguzi alisema.

"Sahani hupambwa. Meza hufutwa. Pipa halidanganyi."

Pipa lilikuwa nje ya mlango wa nyuma. Bwana Mizani aliomba fimbo, akasimama kwa mguu mmoja, akakoroga taka. Aliona maganda ya vitunguu, maganda ya viazi, mashina ya mboga na nyanya zilizooza. Alikoroga mara ya pili. Hapakuwa na mfupa. Hapakuwa hata na ganda la yai.

"Ladha ile inatoka wapi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Mpishi alimwonyesha bakuli la uyoga mkavu uliolowekwa. Akamwonyesha vitunguu vilivyokuwa vinageuka rangi kwenye moto mdogo. "Uyoga naukausha, naulowesha, na maji yake simwagi. Kitunguu nakikaanga dakika arobaini. Wenye haraka ndio wanaohitaji mfupa."

Bwana Mizani hakuwa akimtazama tena. Macho yake yalikuwa yametua kwenye rafu. Nyuma ya kopo la chumvi kulikuwa na kichupa kidogo.

"Aha! Na hiki?"

"Ni vidonge vyangu," alisema mpishi. "Vitamini B12. Asiyekula kitu chochote cha mnyama haipati ya kutosha kwenye mboga. Kwa hiyo mimi nameza."

"Kumbe chakula chako kina upungufu!"

"Kwa jambo hilo, ndiyo. Kila anayeniuliza namwambia."

Bwana Mizani alikitazama kichupa, kisha akakirudisha mahali pake. Hakutarajia jibu hilo. Yeye mwenyewe huwaambia wateja, "Kipande hiki kigumu, chukua kile." Ndiyo maana hurudi kwake. Alirudi mezani, akala. Alimaliza mchuzi wote, ila hakuusifu.

Muuguzi alisogeza kiti. "Sharti ni sharti. Jana ulikula nyama?"

"Sikula."

"Mchana kule kazini, uliweka nini mdomoni?"

"Chai. Na supu."

"Supu ya nini?"

"Maji ya mifupa tu."

"Vikombe vingapi?"

Bwana Mizani alisita. "Sita. Labda saba."

"Na jioni?"

"Mabaki."

"Mabaki gani?"

"Maini, figo, bandama. Ambavyo havikununuliwa. Vitupwe?"

"Hivyo ndivyo anavyokula kila siku," alisema mke. "Peke yake. Mimi hata harufu siipendi."

"Kwa nini hukumwambia daktari?" aliuliza muuguzi.

"Aliuliza kiasi gani. Vile sijawahi kuvipima. Kisichopanda mizani nitakitajaje?"

Muuguzi aliweka kijiko chini. Hakucheka.

"Sikiliza, shemeji. Maini, figo na supu nzito ya nyama vina vitu ambavyo mwili ukivivunja huacha uchafu. Uchafu huo huitwa asidi ya yuriki. Figo zako huutoa kwa mkojo. Ukizidi, hugeuka vichembe vyenye ncha, kama chumvi kavu. Vikikaa kwenye kiungo, kiungo huvimba. Ukiacha miaka ipite, kiungo huharibika kabisa. Hapo hutasimama tena kwenye gogo lako. Pombe huzidisha. Vinywaji vyenye sukari nyingi pia."

"Na maharage haya? Kuna mtu aliniambia maharage ndiyo huleta jongo."

"Wengi husema hivyo. Lakini waliochunguza hawakuona maharage yakileta jongo kama nyama."

"Kwa hiyo nikila hapa nitapona." Alimtazama kwa jicho la pembeni. "Ndicho unachotaka kuniuzia?"

"Sikuuzii kitu. Chakula peke yake mara nyingi hakitoshi. Utarudi kwa daktari umwambie kweli. Atapima damu tena na kukupangia dawa. Ukipangiwa, usizifungie kwenye droo eti kwa sababu maumivu yameisha."

Bwana Mizani alivuta ndala yake, akainuka. "Twende bucha," alisema.

Bucha lilikuwa limefungwa tangu saa sita. Alifungua friji, akatoa sinia la mabaki aliyojiwekea kwa chakula cha jioni. Aliweka jiwe la kilo moja kwenye mizani. Mshale ulitulia kwenye moja kamili. Aliondoa jiwe, akaweka maini, figo na bandama.

Gramu mia sita.

Aliondoa, akaweka tena. Gramu mia sita.

"Mara siku saba," muuguzi alisema.

Hesabu hiyo Bwana Mizani hakuhitaji kusaidiwa. "Kilo nne na gramu mia mbili," alisema. "Na mimi nilimwambia daktari robo kilo." Aliitazama mizani yake kana kwamba imemsaliti. Lakini mizani haikuwa na kosa. Haikuwahi kuulizwa.

Siku iliyofuata alirudi zahanati, akasema yote, pamoja na vikombe saba. Daktari alikata robo kilo kwa mstari na kuandika upya. Siku hizi maini hutundikwa asubuhi, yakauzwa mapema kwa kipimo kama nyama nyingine. Sufuria bado iko nyuma ya bucha. Inachemsha maji ya kunywa. Jumapili Bwana Mizani hula kipande chake kidogo cha nyama, na siku nyingine mke wake hupika dengu na kunde. Dawa ziko mezani, anapoziona.

Mwezi wa pili wa kumeza dawa, kidole kilivimba tena kidogo. Alitaka kuacha kila kitu. "Nilijua!" alisema. Daktari alimweleza kwamba dawa zikianza kazi hilo huweza kutokea, asiache. Hakuacha. Mwezi wa sita damu ilipimwa, na asidi ilikuwa imeshuka hadi kiwango alichotaka daktari. Bwana Mizani aliomba kuiona karatasi kwa macho yake. Aliisoma mara mbili.

Kila Alhamisi hula kwenye ule mgahawa. Huingia na buti zote mbili miguuni. Lakini haketi kwanza. Hupitia jikoni hadi mlango wa nyuma, ambako mpishi amemwekea fimbo ukutani.

"Kaka, mwaka unaisha sasa," mpishi alimwambia juzi. "Bado huniamini?"

"Nakuamini," alisema Bwana Mizani, akifunua pipa. "Hata mizani yangu naiamini. Na kila asubuhi naipima."