Pembe za Seva ya Kondoa

Chumba cha seva kilinukia udi. Nani achome udi pale, kwenye kampuni ya kusambaza dawa jijini Dodoma, ambako hata kiberiti ni marufuku? Evodia, fundi wa kompyuta, alinusa viganja vyake, akanusa kiyoyozi, akasema labda ni uchovu wa mama anayenyonyesha.

Jana alikuwa Kondoa, kwenye seva kuukuu ya tawi la kule iliyokuwa ikikata roho. Mzee Hashimu, fundi aliyeilea tangu ikiwa mpya, alimsihi: "Mwanangu, chukua mafaili ya dawa tu. Ukihama nyumba ya watu, beba vyombo vyako, pembe za nyumba waachie wenyewe wasioonekana. Na uage." Kila asubuhi mzee yule aliisalimia seva na kuiwekea kikombe cha maji ya waridi. Evodia alicheka moyoni. Kuchagua faili moja moja, jamani, kazi yote hiyo ya nini? Akafungasha diski nzima kwenye furushi moja, akapanda basi bila kuaga.

Sasa aliandika amri ya kuliingiza kwenye seva ya Dodoma. Furushi likageuka picha, yaani nakala ya mfumo mzima, ile ambayo mafundi huwashia kontena, mashine ndogo ndani ya mashine, mara nyingi wapendavyo. Picha iliyoingizwa namna ile haina historia. Haisemi ilikotoka wala nani aliishi humo. Akaiwasha.

Simu ikaita. Mama yake, Dorothea, alinong'ona kutoka nyumbani Chimwaga: "Evo, mtoto hapepesi macho. Anakodolea pembe ya ukuta. Na nyumba inanuka udi."

"Mpe maziwa, mama!"

"Taya limekaza, hayapiti. Ananguruma, mwanangu. Sauti ya mtu mzima."

Evodia alirukia kibodi. Akaizima kontena. Papo hapo, kwenye simu, mwanawe Ruthu akaangua kilio.

"Mbona unazima?" Bosi wake, Gaudence, aliingia, akainama, akaiwasha tena.

Kilio kikakatika.

"Evo!" mama yake alipiga yowe. "Hapumui!"

Evodia akamsukuma Gaudence hadi ukutani, akazima, akafuta kontena, akafuta picha, akafuta na furushi lenyewe, vidole vikiteleza kwa jasho, huku akimwita Bikira Maria na kuchanganya na maneno ya mzee Hashimu aliyoyadharau, tunahama jamani, tunawaaga, bakini kwenu, msitufuate, nisameheni mimi mjinga, mwachieni mwanangu, ndiye huyo huyo mmoja niliye naye, mpaka koo likakauka na ile harufu ikaanza kupungua, ikapungua, ikaisha.

Kwenye simu Ruthu alilia. Alilia kwa njaa, kilio chake mwenyewe cha kila siku, na bibi yake akawa anacheka na kulia pamoja naye.

"Asante, Mungu wangu," Evodia alisema, akakaa sakafuni.

Gaudence alikuwa akijipangusa shati kwa hasira. "Una wazimu, Mama Ruthu? Umefuta kazi yote! Bahati yako, ulipokuwa kwenye simu, mimi kule ofisini kwangu niliituma picha kwenye matawi yote."

Evodia alimshika miguu. "Waambie wasiiwashe. Bosi, nakupigia magoti, waambie!"

"Tabora wamewasha sasa hivi. Singida nao."

Udi ulirudi, mzito kuliko mwanzo. Kwenye simu Ruthu alikuwa ameshanyamaza.