Aliyesimama Kati ya Antena

Siku ya nne ya kazi, saa nane mchana, mstari kwenye kompyuta ya Hortense ulianguka ghafla, na kati ya antena mbili hapakuwa na mtu.

Hortense na mume wake Serge walikuwa wamekodi nyumba hiyo tupu ya mtaa wa Saio ili wapime namna mawimbi ya redio yenye urefu wa milimita yanavyopita ndani ya nyumba za matofali. Mwili wa mtu huyazuia mawimbi hayo, na mstari hushuka. Kazi ya Serge ilikuwa kusimama katikati, kisha kutoka, mke wake akiandika.

"Papa Divine, toka katikati," alisema Hortense, akimwita mumewe kwa jina la mtoto wao.

"Nilisha toka kitambo," Serge akajibu kutoka uani. "Niko nanawa mikono."

Mstari ulikuwa chini, tena haukutulia. Ulipanda kidogo, ukashuka kidogo, kama kifua cha mtu aliyelala. Chumba kikanuka nywele zilizoungua. Hortense akabadilisha waya, akahamisha antena hadi ukuta mwingine. Kile kizuizi kikahamia huko huko.

Kesho yake harufu ilikuwa karibu zaidi na kiti chake. Akazuia pumzi ajue kama kinachopumua kwenye mstari ni yeye, na mstari ukaendelea kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, hata uso wake ukasikia joto la kitu kilichoinama mbele yake, kikimkaribia bila haraka, naye asiweze kuinuka wala kuita, mpaka Serge alipoingia akamshika mkono na kumtoa nje.

Mama Musoki, mwenye nyumba, alipoelezwa hakushangaa.

"Wapangaji watatu walisha kimbia," alinong'ona. "Nilizani ni maneno ya watu tu."

Jumamosi asubuhi akaja na wanawake wawili wa kikundi chake cha maombi. Serge aliingia nao. Hortense akabaki kwenye kompyuta, mlangoni. Waliomba mpaka sauti zikakauka. Harufu ilipozidi, Serge akapiga magoti, akakohoa mara moja, kama aliyemeza kitu. Papo hapo mstari ukapanda juu, ukatulia. Mama Musoki akalia kwa furaha, akawasindikiza wenzake hadi barabarani.

"Tumalize kipimo," Serge alisema akijipangusa magoti. "Mutoto anatungoja."

Sauti ilikuwa yake. Akaenda kusimama katikati, mikono nyuma, akamtazama mke wake.

Mstari haukushuka.

Hortense akakagua waya, akasoma namba upya. Serge alikuwa amesimama pale pale, kifua kipana mbele ya antena, na mawimbi yalipita kama chumba ni kitupu.

"Umeshuka?" Serge akauliza.

Hortense akainamisha kioo cha kompyuta kisionekane.

"Umeshuka," alisema Hortense.

"Muzuri," akasema yule, akachukua funguo za nyumba yao mezani. "Basi twende kwa mutoto."