Wateja Niliomtungia Mama Mkubwa

Mwenzenu nina miaka arobaini na mitatu. Sina mume, sina duka, na siku hizi sina hata mtu wa kuniuliza jioni nimeshindaje. Jina langu Mwajuma, mtoto wa Ilala. Msinionee huruma mapema... Subirini kwanza mjue nilichokifanya.

Mama yangu mzazi alifariki nikiwa mchanga. Aliyenilea ni dada yake, Bi Saada, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Mimi namwita Mama Mkubwa. Alikuwa muuza khanga Kariakoo. Alianza zile zama biashara zilipofunguliwa, bidhaa zikaanza kuingia baada ya miaka ya uhaba, na kila mwenye mkeka akawa mfanyabiashara. Yeye mkeka wake aliutandika barazani kwa Mzee Kanti, Mhindi mmoja mwenye jengo karibu na Mtaa wa Sikukuu.

Mzee Kanti alimpenda kwa uaminifu wake, akampa fremu, yaani chumba cha duka. Hawakuandikishana popote. Walikubaliana kwa mdomo tu, kwamba maadamu mlango unafunguliwa kila asubuhi, fremu ni ya Saada na wanawe. Wengi walimfuata mzee na mabunda ya fedha wakiitaka fremu ile, akawafukuza. Ahadi ile ndiyo iliyonisomesha na kunivisha.

Sasa sikilizeni Mama Mkubwa alivyokuwa akiuza. Khanga inauzwa kwa maneno yake, na hilo yeye alilijua kuliko mtu yeyote. Ukiingia dukani kwake hakuulizi una shilingi ngapi. Atakuuliza, "Haya shoga, umegombana na nani?" Utacheka, halafu utajikuta unasimulia... wifi kakusema, mke mwenzio kakupiga kijembe kwenye shughuli, mume kaanza kurudi amenuna. Atakusikiliza mpaka mwisho, atavuta doti moja, atakutupia mabegani na kukusomea maandishi kwa sauti mtaa mzima usikie. Unatoka pale shingo imenyooka!

Alipopata kiharusi, upande wa kushoto ukalala. Duka nikalishika mimi. Kila jioni nikirudi, hata viatu sijavua, ananiuliza, "Haya, nani kaja leo?" Namsimulia mteja mmoja mmoja na shida yake, na yeye anataja khanga ambayo angempa. Nikiwa nimetoa hiyo hiyo, anajipiga paja kwa ule mkono mzima na kucheka mpaka machozi. Wallahi, hiyo ndiyo iliyokuwa dawa yake. Vidonge vilikuwa nyongeza tu.

Aliyeniingiza kwenye soko la mtandaoni ni shoga yangu Sikudhani, tuliyesoma naye darasa moja. Alinifundisha kupiga picha, kuandika maelezo, kupokea oda. Jamani, miezi ile ya mwanzo! Simu haikai kimya. Wateja wa Mwanza, wa Mbeya, wa Tunduru ambako sijawahi kufika. Nikawa nafanya kama Mama Mkubwa, nawaandikia, "Umegombana na nani, shoga?" Wanacheka huko waliko, wananunua, wananipa nyota tano. Na jioni nina wateja wengi wa kusimulia hadi chakula kinapoa.

Ndipo Sikudhani akaanza. "Fremu ya nini siku hizi, Mwaju? Duka lako ni simu. Unalipia ukuta!"

Kwa wasioijua Kariakoo, kuna kitu kinaitwa kilemba. Ni fedha anayokupa mtu ili umwachie fremu yako. Ukishakipokea umetoka, na kurudi ni ndoto. Kila aliyekulia Kariakoo anajua hilo, na mimi nililijua kabla sijajua kusoma! Lakini Sikudhani alikuwa na mtu tayari, muuza mawigi, fedha mkononi. Nikapiga hesabu za mjinga. Ningenunua mzigo mkubwa wa khanga, ningelipia matangazo, ningekuwa tajiri.

Nilimwendea Mzee Kanti, mzee kabisa sasa, anaona kwa shida. Nikamwamkia, nikamwambia tunaiachia fremu, akaniuliza swali moja tu. "Saada anajua?"

Nikamtazama usoni. "Anajua, mzee. Yeye ndiye aliyenituma."

"Basi," akasema. "Kama Saada amesema, mimi nani?"

Dakika moja haikufika. Miaka yote ya mwanamke yule ikaishia hapo, kwa mdomo wangu mimi!

Mama Mkubwa sikumwambia. Nilijidanganya kwamba daktari amekataza asishtuliwe. Nyoo! Niliogopa, basi. Kila asubuhi nikawa natoka na mkoba wangu saa ile ile, naye ananiombea dua mlangoni, "Nenda mwanangu, Mungu akufungulie." Naelekea stoo niliyokodi mtaa wa pili, najifungia na marobota yangu, nashika simu.

Soko lile la mtandaoni likanigeuka taratibu. Kwanza wauzaji wenzangu wakaziiba picha zangu, ile pembe yenye mkono wangu wakaikata. Kisha wakaingia wauzaji wa moja kwa moja kutoka viwanda vya nje, bei yao iko chini ya ile ninayonunulia mimi! Mwenye soko naye akapandisha makato, na asiyelipia tangazo anatupwa chini huko, mteja atelezeshe kidole mpaka kimuume ndipo amwone. Nikalipia. Nikalipia tena. Kilemba kilichobaki baada ya kununua mzigo chote kikaishia kwenye kulipia kuonekana.

Oda zikawa za kuhesabu kwa wiki. Mwingine anaagiza, bodaboda inafika kwake, anasema hakudhani rangi iko hivyo, irudishwe. Mwingine kanipa nyota moja bila neno hata moja! Ukimwandikia mtu, umegombana na nani shoga, anakujibu, "Bei ya mwisho?" Nitamfanya nini mtu wa namna hiyo?

Na kila jioni, kabla sijavua viatu... "Haya, nani kaja leo?"

Mngemjibu nini? Mara ya kwanza nilisema wamekuja wachache. Akala matonge mawili akasukuma sahani. Siku ya pili nikatunga mteja mmoja. Bibi harusi wa Buguruni, mama mkwe hamtaki. Mama Mkubwa akachangamka, akataja khanga yake, akajipiga paja. Akamaliza chakula chote! Basi nikanogewa. Stoo sikuwa na kazi, nikawa nashinda natunga wateja. Nilikuwa na mzee wa Temeke aliyetaka kumwomba radhi mkewe. Nilikuwa na mawifi wawili waliogombea doti moja. Duka langu la uongo lilijaa watu, wakati simu yangu ilikuwa kimya siku tatu mfululizo.

Mteja aliyeniponza nilimwita Mama Pacha. Nilimtunga siku ambayo nilikuwa na huzuni mno, ndiyo maana akatoka na shida nyingi. Mume kamkimbia, watoto wawili wa kike mgongoni na kifuani, ameshika khanga, ameinusa, ameirudisha kwa kuwa hana uwezo. Nilidhani yataisha jioni ile ile.

Hayakuisha. "Mama Pacha karudi?" Kila siku, Mama Pacha! Akawa anamwombea kila swala, namsikia akimtaja kwa jina. Siku moja akanituma nifungue sanduku lake, nitoe doti moja aliyokuwa ameitunza miaka, haijakatwa, imeandikwa MUNGU HAMTUPI MJA WAKE. Nikamwambia nitampelekea. Akakataa. "Zawadi ya kufuta machozi haitumwi, mwanangu. Nitampa kwa mkono wangu. Anapita lini?"

Nikajibu bila kufikiri, "Kasema Jumatano."

Nilijua hawezi kutoka. Mtu anayeshika ukuta kwenda chooni atafikaje Kariakoo?

Jumatano hiyo, mchana, simu ikaita. Nilirukia nikidhani ni oda. Alikuwa yule jamaa wa mawigi. "Dada, kuna bibi hapa ana ufunguo. Amekazana na mlango wangu wa pembeni, nimemwambia aache, hanisikii. Anasema duka ni lake."

Nilikimbia... Sikumbuki kama nilifunga stoo. Nilimkuta amekalishwa kwenye kiti cha plastiki, katikati ya vichwa vya mawigi, jasho linamtiririka, ameng'ang'ania fimbo, doti imefungwa vizuri mapajani. Jirani yetu alimpakia kwenye bajaji, akafikiri ana ruhusa yangu. Na nani alikuwa amesimama nyuma ya kaunta anapima wigi? Shoga yangu Sikudhani! Jamaa yule alikuwa mchumba wake, siku zote. Aliniona, akainamisha macho. Sikuwa hata na nafasi ya kumtukana.

"Afadhali umekuja," Mama Mkubwa akasema. "Kitasa kimegoma. Na hawa watu wameweka vitu vyao humu, umewaazima?"

Nikapiga magoti pale pale, watu wanapita, wanatazama. Nikamwambia yote. Fremu, kilemba, Mzee Kanti, stoo, simu. Sikubakisha.

Hakupiga kelele, yeye mwenye sauti ile. Akaniuliza polepole, "Na wale wateja?"

"Niliwatunga, Mama."

"Bibi harusi wa Buguruni?"

"Nilimtunga."

"Yule mzee wa Temeke?"

"Pia, Mama. Nisamehe."

Akaitazama ile doti mapajani. Mdomo ukamtetemeka, ule upande mmoja. "Hata Mama Pacha, Mwajuma?"

Nililia tu.

Kwa duka hakulia, naapa. Alimlilia Mama Pacha. Alilia pale kwenye kiti cha plastiki kama mtu aliyeletewa habari ya msiba, anasema, "Na wale watoto... na wale watoto..."

Tangu siku ile hakuniuliza tena nani kaja. Narudi, navua viatu, kimya. Nilijaribu kumsimulia mambo ya kweli, akawa anageukia ukutani. Haikutimia miezi miwili, akafariki. Alinisamehe? Sijui. Siku ya mwisho alinishika mkono, lakini alikuwa anamshika kila aliyesogea. Mzee Kanti alikuja msibani ameshikwa bega. Aliniuliza jambo moja tu, kama Saada kweli alijua. Safari hii nilimwambia ukweli. Akaondoka bila kunipa mkono.

Leo mimi ni winga. Nasimama njiani Kariakoo, nadaka wateja, nawapeleka kwenye maduka ya watu nipate cha juu. Kwenye soko la mtandaoni jina langu bado lipo, chini kabisa, mzigo wangu haujaguswa na mtu. Na kuna siku mteja anataka wigi... nampeleka kwenye mlango ule ule. Sikudhani ananilipa bila kunitazama. Mkataa pema, pabaya panamwita, na mimi pananiita kila asubuhi.

Ndugu zangu mnaouza vitu kwenye simu, sisemi msiuze. Uzeni. Lakini mlango uliopewa kwa uaminifu usiuachie kwa sababu ya soko ambalo mwenye nalo humjui na yeye hakujui. Na ukiharibu, rudi nyumbani useme umeharibu, jioni ile ile, wakati chakula bado cha moto. Mzee wako atakasirika, lakini atabaki na wewe. Mimi nilimpa raha ya uongo, nikamnyang'anya hata watu aliokuwa akiwaombea.

Ile doti ninayo. Haijakatwa. Vyote nimeviweka mtandaoni hata vyombo vyangu, ile sijathubutu. Nikisimama pale njiani macho yangu yanatafuta wanawake wenye watoto wawili. Basi kama wewe unayesoma ni mama wa pacha, na umeachwa, na siku moja utapita Kariakoo karibu na Mtaa wa Sikukuu... tafadhali, dada yangu, ulizia Mwajuma winga. Kuna zawadi yako. Njoo uichukue, ili niwe na mteja mmoja wa kweli wa kumwambia Mama Mkubwa.