Mtani Aliyekuja Bila Utani

"Akanisi, shimoni hamna nguruwe."

Nilimkodolea macho shangazi Vilimaina. Asubuhi ile ile tulikuwa tumemlaza nguruwe juu ya mawe ya moto kwa mikono yetu, tukamfunika majani na udongo aive taratibu. Sasa udongo umefukuliwa, mihogo ipo, nguruwe hayupo. Na wageni ndio kwanza wanashuka kwenye basi la Labasa.

Hawakuwa wageni wa hivi hivi. Mtandao wetu wa kubadilishana mbegu ulikuwa wa kwenye simu tu, tunatumiana sauti na picha za viazi vikuu, hatujawahi kuonana. Mkutano wa kwanza niliuomba mimi, ufanyike kijijini kwetu, nje kidogo ya mji wa Savusavu, hapa Fiji. Wapo waliosema nitaumbuka.

"Kachukua nani?"

"Unauliza? Mtani wako."

Sakeasi. Kijiji chao na chetu ni tauvu, yaani watani tangu enzi za mababu. Mtani akiingia kwako akabeba kuku au sufuria, unacheka. Ukinuna umeshindwa. Sheria hiyo ndiyo iliyoniponza, maana Sakeasi alikuwa akinitangaza hadharani kila tukikutana: mke wangu yule, sura kama papai lililopondeka. Watu wanacheka, nami nacheka. Lakini nilimpenda, jamani, nilimpenda mpaka usingizi unakata, na sikuwa na njia ya kujua kama ananitaka au ananitania.

Jumapili uzalendo ukanishinda. Nikamwandikia ujumbe:

"Sakeasi, kama ndoa unayoitangaza ni utani, niache, unaniumiza. Kama ni kweli, njoo siku ya mkutano, uje bila utani. La sivyo usiniite mke tena."

Akausoma. Hakujibu. Na leo kaniibia nguruwe. Basi jibu si hilo?

Nikampigia.

"Nguruwe wangu yuko wapi?"

"Alikuwa kakonda, mtani. Tumeona haya kwa niaba yenu."

"Leo sicheki, Sakeasi."

Akasema kwa sauti ya chini, "Wapokee wageni wako," akakata simu.

Nikanawa uso nikatoka. Ningefanyaje? Wageni walikaa mikekani, mizizi ya kava, kinywaji chetu cha heshima, ikatwangwa, wazee wakakaribishana. Nikasimama nikawaambia ukweli: nyama imekwenda na watani, mtakula mihogo na samaki wa kopo kwa tui la nazi. Ukumbi ukaangua kicheko, kwani kila mmoja pale alikuwa na watani wake waliowahi kumkomba. Baada ya hapo mambo yakanoga. Bibi mmoja wa kisiwa cha Taveuni alifungua kitambaa chake cha maua akatoa kipande cha kiazi kikuu cha aina tuliyoipoteza sisi kwenye kimbunga, na shangazi akalia alipokishika. Waliosema nitaumbuka walikuwa wanagombea mbegu mbele.

Ndipo gari la mizigo likasimama nje.

Watani huja na makelele. Hawa walishuka kimya, wamevaa sulu, vikoi vyao vya kanisani. Mbele nguruwe wawili wanono, wameiva. Nyuma yao mjomba wake Sakeasi, Inoke, amelibeba jino la nyangumi kwa mikono miwili. Vicheko vyote vikakatika. Kwetu kila kitu kinataniwa, lakini jino la nyangumi, zawadi ya posa na ya maombi mazito, halitaniwi.

Wakaketi. Mzee Inoke akasema wamekuja kumwomba Akanisi, na kwamba siku ya posa wageni wa binti huyu hawawezi kula nguruwe wa nyumbani kwao binti, bali wa wakwe.

Shangazi Vilimaina hakuvumilia.

"Mwizi wa nguruwe naye anataka mke?"

Watu wakauma midomo. Sakeasi alikuwa nyuma ya mjomba wake, kainamisha kichwa, shati limemlowa jasho mgongoni. Hakutabasamu.

"Yule nguruwe ndiye utani wangu wa mwisho kwake, shangazi," alisema. "Nilikuwa nikisema kweli siku zote. Niliogopa kuisema bila kucheka, asije akanikataa kweli. Nampenda Akanisi."

Mtu mwenye mdomo ule, ambaye sijawahi kumsikia akisema neno bila utani.

Baba angeweza kulipokea jino pale pale, yaani kukubali posa, ni haki yake. Hakunyoosha mkono. Alinigeukia mimi, mbele ya wazee na wageni wa visiwa vyote.

"Mwanangu, wewe ndiye mwenye shughuli leo. Nilipokee?"

Nikamtazama Sakeasi mpaka akainua uso.

"Lipokee, baba. Nami nampenda."

Baba akalipokea kwa mikono miwili, na wenyeji kwa wageni wakapiga makofi mazito ya heshima. Nikainuka, nikavuka mikeka yote, nikaenda kuketi kando ya mume wangu.